Kisangani: Baraji ya Tshopo iko ndani ya mji, lakini si mali ya mji

Anayetoka katikati ya mji wa Kisangani kuelekea Banalia na Buta hana budi kuvuka daraja la Tshopo. Asubuhi na mapema daraja hilo hujaa watu. Watoleka wanakanyaga baiskeli zilizopakiwa magunia ya makala, pikipiki zinapiga honi, na akina mama wanaingia mjini na mihogo, pondu na ndizi. Chini yao maji yananguruma kati ya mawe. Na hapo hapo, karibu na daraja, iko baraji iliyojengwa wakati wa Wabelgiji, ambayo mji mzima unaitegemea mpaka leo.

Tshopo ni jina la mto, ni jina la mtaa mmoja kati ya mitaa sita ya Kisangani, na tangu mwaka 2015 ni jina la jimbo zima, baada ya Jimbo la Mashariki kugawanywa. Lakini umeme unapozimika usiku, Tshopo ambayo kila mtu anaifikiria kwanza ni ile ya mashine.

Kituo hicho ni kidogo ukikilinganisha na Inga. Kiko mjini, kinaendeshwa na maji yanayopita mjini, na umeme wake unatumika mjini. Hata hivyo mji wa Kisangani haukimiliki. Meya hana neno juu ya mashine zake, na baraza la mji halipitishi hesabu zake. Swali la nani mwenye baraji linaweza kuonekana kama swali la wanasheria, lakini historia ya Kisangani inaonyesha kwamba limewahi kuwagharimu wakaaji fedha nyingi sana.

Hesabu ya resho

Kituo cha Tshopo kina mashine tatu. Uwezo wao wote kwa pamoja, zikiwa nzima, ni karibu megawati 19. Kwa mtu asiye fundi hesabu hiyo haisemi kitu, kwa hiyo ni vizuri kuipima kwa chombo ambacho kila nyumba inakijua: resho.

Resho moja ya kawaida ya kupikia inakula karibu wati 1,000. Megawati moja ni wati milioni moja. Maana yake ni kwamba resho 19,000 zikiwashwa kwa wakati mmoja, zinamaliza umeme wote wa Tshopo. Hiyo ni kama mashine zote tatu zinazunguka kwa nguvu zote, na kama hakuna hata wati moja inayopotea kwenye nyaya. Hakutabaki kitu kwa taa, kwa friji, kwa pampu za maji wala kwa hospitali. Na Kisangani ni mji wa wakaaji zaidi ya milioni moja.

Mashine moja ikisimama, resho 19,000 zinakuwa chini ya 13,000. Mbili zikisimama, zinabaki kama 6,300. Hapo ndipo delestaji inapoanza, yaani kuugawa umeme kwa zamu, mtaa huu leo na mtaa ule kesho. Anayegawa hana uchawi wowote, kwa sababu hawezi kugawa kisichokuwepo.

Wengine huuliza kwa nini Inga haisaidii. Inga ya kwanza, iliyoanza mwaka 1972, ina uwezo wa megawati 351. Inga ya pili, ya mwaka 1982, ina megawati 1,424. Kutoka huko ulijengwa waya mkubwa wa karibu kilometa 1,700 mpaka Kolwezi, kwa ajili ya migodi ya Katanga. Waya huo haufiki Kisangani. Mji uko peke yake na mto wake, na mashine ya Tshopo ikiharibika, hakuna mtandao mwingine wa kuukopesha umeme.

Maji hayalipiwi, lakini mashine inazeeka

Kazi ya kituo cha aina hii ni rahisi kueleza. Baraji inainua maji kidogo na kuyaelekeza kwenye njia ya kuingilia. Maji yanaanguka, yanasukuma gurudumu la chuma linaloitwa turbini, turbini inazungusha alternata, na alternata inatoa umeme. Baada ya hapo maji yanarudi mtoni kama yalivyokuwa. Hayakuchomwa wala hayakupungua.

Nguvu inayopatikana inategemea mambo mawili tu: wingi wa maji na urefu wa kuanguka kwake. Mita moja ya ujazo ya maji ikianguka mita moja kila sekunde, inatoa karibu kilowati 10. Kwa hiyo, kwa mfano, mto unaoanguka mita 10 tu unahitaji kupitisha mita za ujazo karibu 200 kila sekunde ili kutoa megawati 19. Ndiyo sababu kituo kisicho na ziwa kubwa nyuma ya baraji hakiwezi kuweka akiba. Mto ukijaa, maji ya ziada yanapita bure. Mto ukishuka wakati wa kiangazi, mashine zinapunguza nguvu, hata kama kila kitu ni kizima.

Faida ya kituo cha maji ni kwamba hakili mazuti. Jenereta inadai mafuta kila saa inayofanya kazi, na mafuta ya Kisangani yamesafiri mbali kabla ya kufika. Maji ya Tshopo yanakuja yenyewe. Lakini kutolipia maji kumewafanya watu wengi wasahau kwamba mashine yenyewe inadai. Magogo na majani yanayoletwa na mto yanapaswa kuondolewa kwenye vyuma vya kuchujia kila siku. Mchanga unakula turbini polepole. Mafuta ya kulainisha yanabadilishwa, na nyaya za shaba ndani ya alternata zinazeeka kwa joto na unyevu. Halafu kuna transfoma, na nyuma yake nguzo na waya za mitaani ambazo zimeongezewa nyumba mara nyingi kuliko zilivyopangiwa.

Kituo kilichoanza kazi katikati ya miaka ya 1950 kinaweza kuendelea miaka mingi. Duniani kuna vituo vya maji vilivyopita miaka mia moja na bado vinazunguka. Vimefika huko kwa sababu kila mwaka kulikuwa na mtu wa kuvifungua, kuvisafisha, kubadili kilichochoka na kuandika katika daftari alichokifanya. Daftari hilo tutalikuta tena mbele, katika mahali ambapo watu wengi hawakulitazamia.

Kinachozimika pamoja na taa

Umeme ukikatika Kisangani, giza ni shida ndogo kuliko nyingine. Kinachouma haraka ni maji ya kunywa. Mitambo ya Regideso inasafisha maji na kuyasukuma mitaani kwa pampu za umeme. Pampu zikisimama, bomba zinakauka, na bidoni za manjano zinaonekana barabarani. Watoto na akina mama wanashuka kwenye visima, kwenye vijito, au mtoni kwenyewe. Katika mji ambao kipindupindu kinajulikana kwa jina lake, bidoni ya maji ya mtoni ni hatari inayoeleweka na kila mzazi.

Hospitalini, kukatika kwa umeme kunamaanisha kuwasha jenereta kwa ajili ya upasuaji, au kuchagua chumba gani kipate mwanga. Chanjo na damu zinahitaji baridi ya friji usiku na mchana. Kwenye soko, muuza samaki aliyenunua barafu anahesabu saa. Mwenye saluni, fundi wa kuchomelea vyuma, mwenye kinu cha kusagia mihogo na kijana anayechaji simu, wote wanaingia katika hesabu moja: kununua mafuta na kupandisha bei, au kufunga mlango na kungoja.

Nyumbani, resho inawekwa pembeni na babula inarudi. Babula inataka makala, na makala yanatoka msituni. Wale watoleka wanaovuka daraja asubuhi na magunia wanapita karibu na mashine ambayo ingeweza kuwapunguzia wateja. Kila gunia linaloingia mjini ni miti iliyokatwa mbali kidogo kuliko ile ya mwaka uliopita. Hivyo mashine iliyosimama mjini inaonekana pia kwenye msitu wa pembezoni, ingawa hakuna anayeiandika hasara hiyo.

Wenyewe waliobadilika

Baraji ilipojengwa, mji uliitwa Stanleyville na wenyeji wake hawakuulizwa kitu. Umeme wa wakati ule ulipangwa kwa ajili ya viwanda, ofisi na nyumba za Wazungu. Katika koloni lote, uzalishaji wa umeme ulikuwa mikononi mwa makampuni kadhaa, kila moja na eneo lake.

Baada ya uhuru, mwaka 1966 Stanleyville ikawa Kisangani. Tarehe 16 mwezi wa tano 1970, Serikali iliunda shirika la taifa la umeme, SNEL. Katika miaka ya 1970 SNEL ilimeza makampuni yaliyotangulia, na vituo vya mijini vikawa vyake kimoja baada ya kingine. Nia ilieleweka: nchi moja, shirika moja, na miji tajiri kuisaidia miji maskini. Baadaye, katika mageuzi ya mashirika ya Serikali yaliyoanza kwa sheria za mwaka 2008, SNEL ikageuzwa kuwa kampuni ya biashara. Lakini mwenye hisa alibaki mmoja tu, nayo ni Serikali.

Hivyo mali iliyokuwa ya makampuni ya kikoloni ikawa mali ya Kinshasa bila kupita kwenye mikono ya mji. Mkaaji wa Kisangani alibaki kuwa mteja. Anapokea fakitire na analalamika. Siku mashine ikisimama anangoja habari kutoka mbali.

Kwa upande wa SNEL pia kuna hesabu ambayo haipaswi kufichwa. Umeme wa Kongo umeuzwa kwa bei ndogo kwa miaka mingi. Waya za wizi ziko kila mahali. Wateja wengi hawana mita, kwa hiyo wanalipa kiasi cha kukadiria, anayepata umeme saa 3 kwa siku akilalamika kwamba anadaiwa sawa na anayepata saa 20. Na miongoni mwa wadaiwa wakubwa wa shirika hilo, ziko taasisi za Serikali yenyewe. Fedha zisizoingia haziwezi kununua vipuri. Ndipo mviringo unapofunga: umeme mbaya unafanya watu wakatae kulipa, na kutolipa kunafanya umeme uwe mbaya zaidi.

Siku sita za mwezi wa sita

Kila tarehe 5 mwezi wa sita, Kisangani inakumbuka. Siku hiyo mwaka 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda, yote mawili yakiwa ugenini, yalianza kupigana ndani ya mji kwa silaha nzito. Mapigano yalidumu mpaka tarehe 10. Mto Tshopo ulikuwa katikati ya vita hivyo, na daraja lake lilikuwa moja ya mahali palipogombaniwa zaidi, kwa sababu ndilo njia ya kwenda upande wa kaskazini.

Makombora yaliangukia nyumba, shule, makanisa na hospitali. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyochapishwa mwaka 2010 juu ya uhalifu uliotendwa Kongo kati ya 1993 na 2003 inasema raia waliouawa katika siku hizo sita ni kati ya 244 na 760, kufuatana na vyanzo mbalimbali, na waliojeruhiwa ni zaidi ya 1,000. Maelfu walikimbilia msituni. Umeme na maji vilikatika. Familia zilizojificha chini ya vitanda zilikaa bila maji ya kunywa, na wale waliothubutu kwenda mtoni walikwenda huku risasi zikiruka. Madaktari walipokea majeruhi gizani.

Tarehe 16 mwezi huo huo, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 1304. Liliyataka majeshi hayo yaondoke Kisangani, na likasema kwamba Rwanda na Uganda zinapaswa kulipa hasara ya watu na mali waliyoisababisha mjini. Kwa wakaaji wengi, hapo ndipo lilipozaliwa tumaini kwamba siku moja kila kilichovunjwa kitalipwa: nyumba, maduka, shule, na pia nyaya na mashine za umeme.

Dola 97,412,090

Kongo ilikuwa imeishaishtaki Uganda mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kule The Hague, tangu mwezi wa sita 1999. Kesi dhidi ya Rwanda haikufika mbali, kwa sababu mwaka 2006 Mahakama ilisema haina mamlaka ya kuisikiliza. Lakini dhidi ya Uganda, hukumu ya tarehe 19 mwezi wa kumi na mbili 2005 ilisema wazi kwamba nchi hiyo ilivunja sheria ya kimataifa, na kwamba inadaiwa fidia. Pande mbili zilipewa nafasi ya kuelewana juu ya kiasi. Hazikuelewana, na Mahakama ikalazimika kuhesabu yenyewe.

Hukumu ya fidia ilitoka tarehe 9 mwezi wa pili 2022. Kongo ilikuwa imeomba zaidi ya dola bilioni 11. Ilipewa milioni 325: milioni 225 kwa ajili ya watu waliouawa na kuumizwa, milioni 40 kwa ajili ya mali, na milioni 60 kwa ajili ya madini na utajiri mwingine wa asili. Uganda ilitakiwa kulipa milioni 65 kila mwaka kwa miaka mitano, kuanzia mwezi wa tisa 2022.

Ndani ya hukumu hiyo ndefu kuna kifungu ambacho hakikuzungumzwa sana katika mitaa ya Kisangani, ingawa kinauhusu mji huo kama kinavyoihusu miji mingine iliyopitiwa na vita. Kongo ilidai dola 97,412,090 kwa ajili ya hasara za SNEL. Mahakama ilikataa dai hilo lote. Haikusema kwamba mitambo ya umeme haikuumizwa. Ilisema kwamba Kongo haikuleta uthibitisho wa kutosha, na kwamba, kwa kuwa SNEL ni shirika la Serikali, ingetazamiwa kuwe na ushahidi fulani wa uharibifu huo.

Kwa mtu wa kawaida, hukumu hiyo inatafsirika hivi. Yule anayedai fidia ya pikipiki anaulizwa karatasi za pikipiki, picha yake, na fakitire ya fundi. SNEL iliulizwa mambo yale yale juu ya mashine, nyaya na transfoma: zilikuwa katika hali gani kabla ya vita, nini kilivunjwa, siku gani, na nani, na kutengeneza kuligharimu kiasi gani. Majibu ya maswali hayo huandikwa na fundi wa zamu katika daftari la kituo, siku ile ile, kabla ya vumbi kutulia. Yakiandikwa miaka kumi na zaidi baadaye, katika ofisi ya mbali, hakimu anayatazama kwa mashaka.

Ni kweli kwamba katikati ya vita hakuna anayefikiria daftari. Lakini dai la dola karibu milioni 97 ni fedha ambazo zingeweza kununua mambo mengi katika kituo cha megawati 19 na vingine kama hicho. Leo mfuko wa FRIVAO, ulioundwa kwa ajili ya kuwagawia wahanga fidia ya Uganda, una makao yake Kisangani. Watu wanapanga foleni na karatasi zao mkononi. Katika mafungu matatu yaliyotoka The Hague, hakuna hata dola moja iliyohesabiwa kwa jina la mashine.

Mlango uliofunguliwa na sheria ya 2014

Je, mji ungeweza kufanya vizuri zaidi kama ungekuwa mwenye baraji? Hakuna anayeweza kuapa. Lakini sheria haikatazi tena kuuliza. Sheria namba 14/011 ya tarehe 17 mwezi wa sita 2014 ilimaliza enzi ya SNEL kuwa peke yake. Inaruhusu watu wengine kuzalisha, kusafirisha na kuuza umeme, na inaipa mikoa nafasi katika kutoa vibali vya mitambo ya eneo lake. Mamlaka ya kusimamia sekta hiyo, ARE, na shirika la kupeleka umeme vijijini, ANSER, viliundwa kwa amri za mwaka 2016. Na Katiba ya 2006 inautambua mji kama chombo kilichogatuliwa, chenye utu wake wa kisheria na mali yake.

Mashariki mwa nchi, mlango huo umeishaingiwa. Kituo cha Matebe, kwenye mto Rutshuru, kilizinduliwa mwezi wa kumi na mbili 2015 kikiwa na uwezo wa megawati karibu 13, chini ya ule wa Tshopo. Kinaendeshwa na kampuni iliyotokana na Mbuga ya Virunga, na umeme wake ulifika mpaka Goma, kwa mita za kulipa kabla ya kutumia. Huko pia vita vimeonyesha kwamba waya wa umeme ni rahisi kukatwa. Lakini kituo hicho kiliwafanya wakaaji wengi wa Kivu waelewe kwamba umeme wa Kongo unaweza kuwa na mwenyewe mwingine.

Mji kumiliki kituo chake ni hatua nyingine tena, na mfano wake ulio wazi uko mbali, ingawa Wakongomani wako ndani yake. Burlington ni mji mdogo wa jimbo la Vermont, Marekani, wenye wakaaji zaidi kidogo ya 40,000. Tangu mwaka 1905 mji huo una idara yake ya umeme. Mwaka 2014 ulinunua kituo cha maji kinachoitwa Winooski One, kilichojengwa na watu binafsi mwaka 1993 kwenye mto unaoutenganisha na mji jirani wa Winooski. Uwezo wake ni megawati 7.4, karibu na mashine moja tu ya Tshopo. Ili kukinunua, wakaaji waliitwa kupiga kura kwanza: je, mji ukope dola milioni 12 kwa ajili hiyo? Walikubali.

Winooski One peke yake haiwashi taa zote za Burlington. Mji unanunua pia umeme wa upepo na wa mabwawa mengine, na una nusu ya kituo kinachochoma mabaki ya miti, ambacho wakaaji wengine wanakipinga vikali. Bei nayo ilikaa bila kupanda kutoka 2009 mpaka 2021, kisha ikaanza kupanda. Kwa hiyo hakuna paradiso huko. Kilichopo ni mahali pa kugombea: anayekasirishwa na bei au na moshi anajua ni mlango upi wa kugonga, na anajua siku ya kura.

Burlington na Winooski zimepokea wakimbizi wengi, na kati yao ziko familia zilizotoka Kongo. Tangu mwaka 2023, Burlington inawaruhusu wakaaji wenye kibali halali, hata wasio raia wa Marekani, kupiga kura katika mambo ya mji. Mkongomani aliyefika huko kama mkimbizi anaweza leo kupiga kura mji ukitaka kukopa tena kwa ajili ya turbini. Ndugu yake aliyebaki katika mtaa wa Tshopo, akisikia maji ya baraji kutoka kitandani kwake, hajawahi kuulizwa.

Mali inakuja na mzigo

Wanaoshuku wazo la kuupa mji baraji wana sababu. Mji ambao unashindwa kuondoa takataka sokoni utaweza kutunza alternata? Mitambo ya zamani ni mzigo, na mji maskini ukikabidhiwa mashine zilizochoka bila fedha, umepewa deni. Mafundi wanaoijua Tshopo kwa mikono yao ni wa SNEL, na ujuzi wao haupatikani kwa kubadili kibao cha mlangoni. Tena mwanasiasa wa karibu anaweza kuila fakitire haraka kuliko mkurugenzi wa mbali.

Lakini kati ya mji kumiliki kila kitu na mji kutojua kitu, kuna nafasi kubwa. Mji au jimbo linaweza kuwa na sehemu ya hisa. Linaweza kudai kwamba kiasi fulani cha fedha zinazolipwa na Kisangani kibaki Kisangani kwa ajili ya vipuri. Linaweza kudai mita kwa kila nyumba, ili anayepata kidogo alipe kidogo. Na bila kubadili sheria hata moja, kuna mambo mawili yanayoweza kuanza kesho: kutangaza kila juma ni mashine ngapi zinazunguka na mtaa upi unapata saa ngapi, na kutunza nakala ya daftari la kituo mahali pa pili, mbali na moto, maji na risasi.

Jambo la kwanza lingepunguza uvumi. Leo, umeme unapokatika, kila mtaa unaamini kwamba mtaa mwingine umependelewa. Jambo la pili lingekuwa akiba ya mji dhidi ya msiba ambao hakuna anayeuombea. Kisangani imeishajifunza The Hague kwamba chuma kisicho na karatasi hakilipwi.

Jioni, watoleka wanavuka daraja la Tshopo kurudi kaskazini, baiskeli zikiwa tupu, magunia ya makala yamebaki mjini. Upande wa mji, taa zinaanza kuonekana katika nyumba za mtaa mmoja. Mtaa wa pili bado giza, zamu yake haijafika, na babula zimeishawashwa uani. Kati ya mitaa hiyo miwili na mto kuna mwendo wa miguu tu.